Mkanda wa kawaida au wa meno: upi ufunge kwenye mashine yako ya kusaga, na uuanzeje ili udumu

Mahindi mapya yakishakauka huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mwezi wa sita hivi, foleni za debe na viroba mbele ya mashine za kusaga huanza kurefuka. Huo ndio msimu wa kukatika mikanda. Ukienda duka la vipuri, iwe Mwanjelwa, Mafinga au Makambako, muuzaji atasoma namba kwenye mkanda wako uliochakaa, tuseme B 60, kisha atauliza: "Nikupe wa kawaida au wa meno?" Wengi wetu hujibu kwa kutazama bei. Wa kawaida ni rahisi, basi unachukuliwa huo.

Nautanguliza msimamo wangu ili usomaye ujue naelekea wapi. Kinu cha kusaga kinachoendeshwa na mota ya umeme, chenye puli ndogo na mwendo mkali, kinastahili mkanda wa meno hata kama ni ghali. Mashine ya kukoboa, na mashine yoyote inayovutwa na injini ya dizeli, ibaki na mkanda wa kawaida. Lakini hiyo ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Mkanda wowote kati ya hiyo miwili utakufa mapema ukiufunga asubuhi, ukawasha, ukasaga hadi jioni, na usirudi tena kuukaza. Namna unavyouanza mkanda mpya ina uzito kuliko aina uliyonunua, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Mikanda yenyewe

Mkanda wa kawaida umefunikwa kitambaa pande zote. Ndani kuna mpira, na juu kidogo zimepita nyuzi ngumu zinazobeba mzigo. Wa herufi B una upana wa milimita 17 juu na kimo cha milimita 11, na namba inayofuata ni urefu wa ndani kwa inchi: B 60 ni inchi 60. Wa A ni mwembamba zaidi, milimita 13 kwa 8, na wa C ni mnene, milimita 22 kwa 14. Mashine nyingi za kusaga mtaani hutumia B, mikanda miwili, mitatu au minne sambamba kulingana na nguvu ya mota.

Mkanda wa meno una upana uleule na hukaa kwenye puli ileile. Tofauti ni kwamba ubavuni hauna kitambaa, mpira wenyewe ndio unaogusa puli, na upande wa ndani umekatwa mikato mikato. Kwenye namba huongezwa X: BX 60. Usiuchanganye na mkanda wa taimingi wa gari. Meno ya mkanda huu hayaingii kwenye meno yoyote ya puli. Kazi yake ni kuufanya mkanda ukunjike kwa urahisi na kupitisha hewa, usichemke.

Nguvu ya mkanda wa namna hii hutoka ubavuni. Unakaa kama kabari ndani ya mfereji wa puli, na kadiri mzigo unavyouvuta ndivyo unavyojibana. Chini haupaswi kugusa kabisa. Ukiona chini ya mfereji wa puli pamesuguliwa hadi panang'aa, ujue ama puli imeliwa ama mkanda umekwisha, na kukaza hakutasaidia kitu.

Kwenye kinu cha kusaga

Kinu cha nyundo kinahitaji mwendo. Mota yenye mizunguko 1,450 kwa dakika ikifungwa puli ya inchi 10, na kinu kikafungwa puli ya inchi 4, kinu kitazunguka mara 3,600 na zaidi kidogo kwa dakika. Hapo tatizo liko kwenye ile puli ya inchi 4. Mkanda wa B wa kawaida hautakiwi kuzungushwa kwenye puli ndogo kuliko milimita 125, yaani inchi 5 hivi. Ukiulazimisha, kila mzunguko unaukunja kuliko ulivyoumbwa kukunjika, na kukunjwa huko huzaa joto ndani ya mpira. Joto ndilo linaloua mikanda. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila joto la mkanda likipanda nyuzijoto 10 za Selsiasi, maisha yake hupungua kwa nusu hivi. Mkanda wa BX hukubali puli ya hadi milimita 90, kwa hiyo puli ya inchi 4, ambayo ni milimita 102, iko ndani ya uwezo wake.

Ndiyo sababu mwenye kinu chenye puli ndogo anaweza kufunga mikanda mizuri ya kawaida, ya kampuni yenye sifa, na bado ikapasuka kwa ndani kabla msimu haujaisha. Atalaumu duka, atalaumu mikanda feki (na feki zipo, sikatai), kumbe puli yake haiukubali mkanda ule.

Halafu kuna umeme. Wizara ya Nishati ya Marekani, katika miongozo yake kwa viwanda, hutaja kwamba mkanda wa meno unapitisha nguvu kwa ubora unaozidi wa kawaida kwa asilimia 2 hivi. Chukua mota ya kilowati 15, wenyewe tunaiita ya farasi 20, ikifanya kazi kwa mzigo kamili saa 8 kwa siku. Asilimia 2 ni kilowati 0.3, sawa na uniti 2.4 kwa siku, au uniti 60 kwa siku 25 za kazi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa wewe, kisha linganisha na nyongeza ya bei ya mkanda. Kwa anayesaga siku nzima mjini Mbeya au Iringa, nyongeza ile hurudi haraka. Kwa mwenye kinu cha kijijini kinachosaga saa mbili jioni, itachukua muda, lakini hoja ya puli ndogo bado inabaki palepale.

Mpaka hapa mkanda wa meno unashinda. Sasa soma sehemu nyingine ya miongozo ileile: mkanda wa kawaida ukiwa mpya na umekazwa vizuri una ubora wa asilimia 95 hadi 98, na ukiachwa unateleza bila kukazwa tena, ubora huo unaweza kupungua kwa hadi asilimia 5. Kwa mota yetu ya kilowati 15, asilimia 5 ni kilowati 0.75, uniti 6 kwa siku, uniti 150 kwa siku 25. Kwa hiyo kuacha kukaza kunaweza kukugharimu zaidi ya mara mbili ya ulichookoa kwa kununua mkanda bora. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuahidi.

Kwenye mashine ya kukoboa

Hapa mambo hubadilika. Mashine ya kukoboa huenda taratibu kuliko kinu cha nyundo na puli zake ni kubwa, hivyo sifa kuu ya mkanda wa meno haina kazi kubwa. Lakini mzigo wake una mishtuko. Anayeendesha akibana mlango wa kutokea ili sembe itoke nyeupe, mahindi hujazana ndani, mashine inazidiwa na pengine inakwama kabisa. Mkanda wa kawaida wakati huo utateleza, utalia, utanuka, na kelele hiyo itakuita ukazime. Mkanda wa meno, kwa kuwa ni mpira mtupu ubavuni, hushika kwa nguvu zaidi na hauachii kirahisi. Mshtuko wote unakwenda kwenye shafti, beringi na mota.

Ni vivyo hivyo kwa injini ya dizeli, hasa zile za silinda moja ambazo bado zinafanya kazi vijiji visivyofikiwa na umeme wa njia tatu. Injini ya silinda moja haivuti sawasawa. Inapiga, inapumzika, inapiga. Mkanda wenye kitambaa humeza mapigo hayo vizuri kuliko mpira mtupu.

Kuna faida nyingine ya mkanda wa kawaida ambayo mimi huithamini: unakuonyesha hali yake. Kitambaa kikianza kuchanika ubavuni unaona hata ukiwa umesimama mbali kidogo. Mkanda wa meno unabidi uukunje kwa mkono, utazame kati ya jino na jino kama kuna ufa. Kwa wanaokoboa mpunga kule Igurusi na Ubaruku, ambako vumbi la pumba lina ukali wa mchanga na hula puli na mikanda yote, dalili hiyo ya mapema ina faida sana.

Siku ya kwanza: njia tatu zinazotumika

Mkanda mpya haukai mahali pake mara moja. Nyuzi zake zinavutika kidogo, na ubavu wake unajisugua hadi ulingane na mfereji wa puli, kwa hiyo unazama ndani. Matokeo yake ni kwamba mkanda uliokazwa sawasawa saa mbili asubuhi unaweza kuwa umelegea ifikapo saa sita mchana, na hakuna aliyekosea. Hapo ndipo njia hutofautiana.

Njia ya kwanza ni ya kukaza kupita kiasi ili usirudi tena. Fundi anachukua mtaimbo, anasukuma mota nyuma kwa nguvu zote, anafunga nati, anasema huu hautalegea. Nimeiona mara nyingi kuliko nyingine zote, na naelewa inakotoka: wateja wamepanga foleni, mama mmoja ana mtoto mgongoni na anauliza, "Fundi, bado tu?" Mkanda kweli hautalegea upesi. Lakini beringi za kinu na za mota zinabeba mvuto ambao hazikupimiwa, zinachemka, na ndani ya msimu unanunua beringi na kupoteza siku. Nyuzi za mkanda nazo zinavutwa mpaka zingine zinakatika ndani, huoni chochote nje hadi siku mkanda unapopasuka ghafla. Njia hii siipendekezi kwa mtu yeyote.

Njia ya pili ni ya kuendesha mashine tupu kwa saa nzima, kama watu wanavyoiwekea injini mpya muda wa kuzoea. Ina nia njema, ila faida yake ni ndogo. Mkanda wa kinu hukaa kwenye mfereji kwa kuvutwa na mzigo. Ukiuzungusha bila mahindi, haubanwi, kwa hiyo saa hiyo ikiisha bado haujakaa. Unapoanza kusaga ndipo kulegea kunapoanza, na wewe tayari umeshajiaminisha kwamba kazi imekwisha.

Njia ya tatu ndiyo yangu. Zima swichi kuu na toa fyuzi kabla ya kugusa chochote. Legeza mota, isogeze mbele kwenye reli zake, vua mikanda ya zamani na uvalishe mipya kwa mkono bila kuibenjua kwa bisibisi. Kuibenjua hukata nyuzi za ndani siku hiyo hiyo. Safisha mifereji ya puli kwa brashi ya waya, toa pumba na mafuta. Nyoosha puli mbili kwa uzi uliovutwa: uzi uguse nyuso zote mbili za puli mahali panne bila kupinda. Kisha kaza. Kipimo ni hiki: pima umbali ambao mkanda umenyooka kati ya puli na puli, bonyeza katikati, na mkanda uiname milimita 16 kwa kila mita ya umbali huo. Ukiwa na sentimita 80, ni milimita 13 hivi. Nguvu ya kubonyeza inatofautiana kwa aina ya mkanda na ukubwa wa puli, na iko kwenye jedwali la mtengenezaji ambalo duka zuri linalo. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia nyama inatosha kuipima. Mkanda mpya hukazwa zaidi kidogo ya uliokwisha kutumika, kwa sababu inajulikana utalegea.

Washa mashine ikiwa tupu, sikiliza dakika chache. Kule Njombe na Makete asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mpira huwa mgumu kwa baridi, upe muda zaidi kabla ya kumwaga mahindi. Kisha anza kulisha kidogo kidogo hadi ufike mzigo wa kawaida, saga nusu saa, zima, pima tena. Karibu kila mara utakuta umelegea. Kaza hadi kwenye kipimo. Endelea na wateja. Jioni kabla ya kufunga pima tena, na kesho yake asubuhi pima mara ya nne. Baada ya saa 24 hadi 48 za kazi mkanda unakuwa umekaa, na tangu hapo kuutazama mara moja kwa wiki chache kunatosha.

Kinachopotea ni nusu saa ya siku nzima, ukijumlisha vituo vyote. Wateja ukiwaeleza wanaelewa. Waambie tu: "Mama, tumebadilisha mkanda, tunasimama dakika kumi tuukaze." Hakuna atakayeondoka na debe lake kwa dakika kumi, maana mashine ya jirani nayo ina foleni.

Na ukijiuliza ukaze hadi wapi, jibu la wenye ujuzi ni moja: mvuto sahihi ni ule mdogo kabisa ambao mkanda hautelezi hata mzigo ukiwa mkubwa. Ukilia sekunde moja unapowasha, si neno. Ukilia kila ukimwaga debe, umelegea.

Ushauri wa mtandaoni unaotoka nchi za theluji

Nalitaja hili kwa sababu vijana wetu mafundi wanajifunza sana kwenye simu, na ni jambo jema. Ukitafuta namna ya kuuzoesha mkanda mpya, utakutana na Wakanada na Wamarekani wakieleza mikanda ya pikipiki za theluji. Watakuambia uoshe mkanda kwa maji ya sabuni, uendeshe taratibu karibu kilomita 50 za mwanzo, usikanyage mafuta hadi mwisho, usivute mzigo, ubadilishebadilishe mwendo. Kwa mashine zao ni ushauri sahihi kabisa.

Lakini mashine hizo hazina puli kama zetu. Puli zake hufunguka na kujifunga zenyewe wakati wa mwendo, mkanda unapanda na kushuka ubavuni mwa puli ili kubadilisha mwendo badala ya gia. Mkanda mpya una utelezi wa kiwandani na haujasuguana na puli. Ukipewa mzigo mkubwa mapema, unateleza mahali pamoja, unaungua na ubavu wake unakuwa laini na kung'aa kama kioo. Skuta zisizo na gia zinazoanza kuonekana mijini zina mfumo wa namna hiyo, na mwenye skuta afuate ushauri huo bila wasiwasi. Kinu cha kusaga kina puli zisizobadilika. Kinachohitajika kwake ni mzigo wa kawaida na kukazwa tena. Kufanana kwao ni kwamba kote kuwili mkanda mpya unadai uangalizi mwanzoni, na kote kuwili adui ni joto la kuteleza.

Yanayoharibu mikanda yote miwili

Usifunge mkanda mmoja mpya kati ya mitatu ya zamani. Ni kama kumfunga ndama kwenye jembe pamoja na maksai waliochoka: mikanda ya zamani imevutika, mpya ni mfupi kidogo, basi mzigo wote unamlalia huyo mmoja hadi akatike. Badilisha seti nzima, ya kampuni moja, na wala usichanganye B na BX kwenye puli moja.

Usipake mafuta, grisi, wala zile dawa za kunatisha ili mkanda uache kulia. Dawa hunatisha kwa siku mbili tatu na kulainisha mpira, kisha pumba zinaganda juu yake. Mkanda unaolia unaomba kukazwa au kunyooshwa.

Tazama puli. Ukiweka rula ubavuni mwa mfereji na ukaona pamebonyea kama milimita moja, mkanda wowote utakaofunga hapo ni pesa iliyotupwa. Bora ununue puli kwanza na mikanda ya kawaida, kuliko mikanda ya meno juu ya puli iliyoliwa.

Na rudisha gadi, ile kinga inayofunika mkanda. Nasisitiza hili kuliko mengine yote. Mashine nyingi mtaani zinafanya kazi mkanda ukiwa wazi, kwa hoja kwamba gadi inasumbua wakati wa kukaza, na akina mama wanapita karibu wamejifunga kanga na vitenge, watoto wanaokota punje chini. Mwambie mchomeleaji akutengenezee gadi ya wavu yenye bawaba. Inapitisha hewa ya kupoza mkanda, unauona bila kufungua, na siku ya kukaza unaifungua kwa nati moja.

Kwa aliyebaki na shaka

Kama una mota moja inayoendesha kinu cha kusaga na cha kukoboa kwa zamu, jambo la kawaida sana kwenye mashine ndogo, tazama puli ya kinu. Ikiwa chini ya inchi 5, funga mikanda ya meno upande wa kusaga na ya kawaida upande wa kukoboa; kila upande una seti yake, hakuna ugomvi. Ikiwa ni inchi 5 au zaidi na hela ni ndogo, mikanda ya kawaida pande zote itakufaa, mradi utaikaza kwa utaratibu niliousema. Na kama una uwezo wa kubadilisha puli, fikiria kuongeza zote mbili ukubwa kwa uwiano uleule: mwendo wa kinu haubadiliki, mkanda unakunjika kidogo, na hata wa kawaida utadumu. Urefu wa mkanda tu ndio utabadilika.

Nunua seti ya akiba kabla ya mwezi wa sita, duka likiwa na mzigo. Itunze imekaa juu ya rafu, imezungushwa bila kukunjwa kwa nguvu, mbali na jua, dizeli na mota inayofanya kazi. Usiitundike kwenye msumari mwembamba, maana mpira hukariri kona hiyo. Andika juu ya kila mkanda kwa chaki namba yake na mashine inayohusika, ili kijana wa zamu ya usiku asifunge B mahali pa BX.